Siku Mwalimu Alipovaa Kibao

Jina lake nimewahi kuliandika mara moja tu maishani, na hapa sitaliandika tena. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita mbele yake. Nyuma yake tulimwita Mwalimu Mkia, na nadhani alijua, maana siku moja aliingia darasani, akageuka polepole, akatuonyesha mgongo wa koti lake na kusema, "Tazameni vizuri. Bado haujaota." Tulicheka mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta.

Mkia wenyewe ulikuwa wa sentensi za Kiingereza. Wenye lugha yao hupenda kusema jambo kisha wakaliwekea kijiswali nyuma, kama sisi tunavyosema "siyo?" au "sivyo?" Tofauti ni kwamba chetu ni kile kile kwa kila kitu, cha kwao hakitulii. Ukitaja jana, mkia uwe wa jana. Ukitaja kesho, mkia nao uende kesho. Ukikubali mbele, sharti ukatae nyuma. Sisi wa kidato cha tatu, tuliokuwa tumetoka shule za msingi za vijijini na Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, tuliona ni uonevu mtupu.

Mwalimu alikuwa na namna yake. Sakafu ya darasa aliigawa kwa chaki. Mlangoni ilikuwa jana, mbele ya meza yake ilikuwa sasa, na dirishani, upande wa Mlima Rungwe ambao siku nyingi hauonekani kwa wingu, ilikuwa kesho. Mmoja wetu alikwenda kusimama sehemu anayoitaka na kusema sentensi yake. Mwenzake alitakiwa kumfuata mpaka pale pale na kumalizia mkia. Ukisimama mlangoni ukasema "They picked tea yesterday," mwenzako asipokimbilia mlangoni na "didn't they?" yake, darasa zima lilipiga kelele, "Mkia umebaki!" Tulikimbizana humo ndani kama kuku, na vumbi la chaki lilitujaa mpaka kwenye nyusi. Nimefundishwa na watu wengi baadaye, wengine wenye digrii mbili, na sijaona tena somo la sarufi ambalo wanafunzi huomba kengele isilie.

Kila ilipofika saa ya kufunga somo alirudia maneno yale yale, akiwa anajipangusa chaki viganjani. Alisema mkia si pambo, ni adabu. "Ukimwambia mtu jambo likaisha hapo, umemfungia ndani. Ukimwekea mkia, umemwachia mlango. Akitaka kukukatalia, anapita." Kisha alitufundisha sauti. Sauti ikipanda mwishoni, unauliza kweli, hujui. Sauti ikishuka, unajua tayari, unamheshimu tu mwenzako. Alitutaka tuseme sentensi moja kwa sauti zote mbili, na wengi wetu hatukusikia tofauti. Mimi nilisikia. Nilikuwa hodari wa Kiingereza, na nilijua kuwa mimi ni hodari, na huko ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia.

Alikuwa mtu wa mvua. Tukuyu mvua haiombi ruhusa, na yeye alitembea kutoka Mpuguso kila asubuhi akiwa na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu moja na gambuti mpaka magotini. Viatu vyake vya ngozi alivibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Mlangoni mwa darasa alivua gambuti, akavaa viatu, akafunga kamba taratibu, ndipo akasema "Good morning." Hatukuthubutu kukaa kabla kamba ya pili haijafungwa. Nilimwuliza siku moja kwa nini asivae viatu chumba cha walimu kama wenzake. Akanijibu kwamba matope ya njiani ni yake, hataki mtu mwingine ayapige deki.

Lakini mtu huyo huyo mwenye subira ya kufunga kamba alikuwa na hasira za ghafla juu ya daftari chafu. Nilimwona akirusha daftari la mtu dirishani, kwenye mvua, kwa sababu lilikuwa na doa la mafuta ya maandazi. Dakika mbili hazikupita akatoka mwenyewe bila mwavuli, akaliokota, akaenda kulikausha jikoni kwa wapishi, ukurasa kwa ukurasa. Alilirudisha kesho yake likinuka moshi. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila mwenye daftari alipewa chaki mpya nzima, na chaki nzima kutoka kwake ilikuwa jambo kubwa.

Alidai tuwahi, naye siku za soko alichelewa. Sababu ilikuwa salamu. Hakuweza kumpita mtu mzima njiani akamtupia neno moja. Alisimama, akainama kidogo, akaanza na "Mugonile," akauliza habari za watu wa nyumbani, za migomba, za ng'ombe, za mgonjwa kama yupo, na yule naye akamwuliza vyote hivyo, mpaka kengele inalia yeye bado yuko nusu ya mlima. Kwa Kinyakyusa salamu ni kazi, si neno la kupitia. Chai hakunywa. Aliishi katikati ya mashamba ya chai, akazungukwa na chai mpaka upeo wa macho, na akanywa maziwa ya moto tu. Alisema chai ameiona ikichumwa.

Na alijua miandiko. Madaftari yasiyo na majina yalirundikwa mezani, akayachukua moja moja, akafungua ukurasa wowote, na kumrushia kila mmoja lake bila kukosea. Tulijaribu kumtega, tukabadilishana kalamu, tukaandika kwa mkono wa kushoto. Alicheka na kusema, "Mkono unaweza kuuficha. Herufi *g* yako utaificha wapi?" Herufi *g* yangu mimi ina kitanzi kikubwa chini. Ninayo mpaka leo.

Sasa niseme ya mama yangu, maana bila hayo utanihukumu vibaya, na nikishayasema utanihukumu vibaya zaidi.

Mama alikuwa mchuma chai. Hilo si jambo la kuficha huku kwetu, nusu ya darasa walilelewa kwa chai, lakini mimi nilikuwa nimewaambia rafiki zangu wa mjini kwamba mama yangu ni karani wa kiwandani. Ulikuwa uongo wa kijinga, uliotoka mdomoni siku ya kwanza kidato cha kwanza, na nikaukalia. Basi siku moja alikuja shuleni kuulizia maendeleo yangu. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, na aproni yake ya plastiki, na kikapu mgongoni, miguu ina matope mpaka kwenye vigimbi. Alisimama mlangoni, pale pale kwenye jana yetu ya chaki.

Mwalimu aliacha somo. Alimwendea, akainama, akamsalimu salamu ndefu yote, bila kuruka hata ng'ombe. Mama akajikaza kuzungumza Kiswahili, kwa kuwa alidhani shuleni ndivyo inavyotakiwa, akauliza, "Mwalimu, mtoto wangu anasoma fisuli?" "Vizuri" ilimtoka kwa ulimi wa Kinyakyusa, na nyuma yangu mtu akapaliwa na kicheko.

Mwalimu akamjibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba mtoto wake ndiye wa kwanza. Kisha akatugeukia, uso umemng'aa. "Huyu mama yupo shambani tangu alfajiri, na bado amepanda huu mlima kwa ajili ya mtoto wake. She has come, hasn't she?" Darasa likaitikia mkia kwa pamoja, na macho yote yalikuwa kwenye miguu ya mama. Akaniita nisimame karibu naye. Nilisimama mbali kidogo, umbali wa mtu anayemsindikiza mgeni asiyemjua.

Alitaka kumheshimu. Nilijua hata wakati ule kwamba alitaka kumheshimu, na ndiyo maana sina pa kujificha. Wiki nzima wasichana wa bwenini waliulizana "Umelala fisuli?" nilipopita, na mimi sikumchukia hata mmoja wao. Nilimchukia Mwalimu.

Shuleni kulikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha ubao ukubwa wa kiganja, kimetobolewa, kina kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyeupe kwamba mvaaji amesema kilugha. Aliyekamatwa alikivaa shingoni mpaka amkamate mwingine, ndipo akamvisha. Tulikuwa na viranja wa lugha wanne. Kila mmoja aliandika majina ya wakosaji wake kwenye kikaratasi na kukitumbukiza kwenye sanduku, bila kuandika jina lake mwenyewe, na siku ya Ijumaa mkuu wa shule aliyasoma mstarini, wa mwisho kusomwa akaanza nacho wiki. Mmoja wa wanne hao nilikuwa mimi.

Mkuu huyo alikuwa mgeni, na alipofika alitangaza kwamba kanuni ni ya wote, kuanzia yeye mwenyewe na walimu wake. Walimu walicheka, wanafunzi tukacheka. Hakuna aliyewahi kuandika jina la mwalimu. Na Mwalimu alisema Kinyakyusa kila siku. Kulikuwa na msichana mmoja wa Mpuguso, mzito wa kushika, aliyekuwa akikwama kila akifika kwenye mkia. Mwalimu alichuchumaa karibu na dawati lake, akamwuliza kwa Kinyakyusa nyumbani kwao wangesemaje, na akitoka hapo yule msichana alisimama dirishani na kusema "It will rain, won't it?" na kuangalia wingu kana kwamba yeye ndiye kalileta.

Alhamisi moja alimchuchumalia hivyo, na mimi nikachukua karatasi. Niliandika jina lake kamili, la kwanza na la ukoo, kwa mwandiko mzuri. Mkono haukutetemeka. Ningependa kusema ulitetemeka.

Kesho yake mstarini mkuu alisoma majina sita, kisha akafungua karatasi ya mwisho. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Angeweza kuiruka, na nadhani alikuwa anakaribia kuiruka, lakini alikuwa ameshaanza kutamka herufi ya kwanza na watu walikuwa wameshaanza kugeuka. Akalisoma.

Mwalimu alitoka kwenye safu ya walimu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi, na uwanja ulikuwa na tope, akalikanyaga hivyo hivyo. Akamwambia mkuu, "Ni kweli. Nilisema." Akainamisha kichwa, na mkuu asiyejua aweke wapi mikono yake akamvisha kibao. Kisha Mwalimu akaomba ile karatasi, akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Hakutazama upande wetu. Mtu mmoja alicheka, mmoja tu, na kicheko kikakatika.

Tulidhani atakivua akifika chumba cha walimu. Hakukivua. Aliingia nacho darasani, akafunga kamba za viatu kinaning'inia kwenye magoti. Wanafunzi wengine, kwa kumwonea huruma, walianza kusema kilugha makusudi mbele yake ili awavishe wao, na yeye akajifanya hasikii. Jioni alipita nacho stendi ya Tukuyu na sokoni, na mwavuli wake, akisimama kwa kila mtu mzima na salamu yake yote. Watu walimwuliza hicho ni nini. Aliwaambia ni adhabu, amevunja kanuni. Alikwenda nacho kanisani Jumapili. Alikivaa wiki nzima, mpaka Ijumaa, na wiki hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyevaa kibao, kwa kuwa kilikuwa shingoni mwake.

Baada ya hapo hakusema tena Kinyakyusa darasani. Neno hata moja. Yule msichana wa Mpuguso alinyoosha mkono mara mbili tatu, akajibiwa kwa Kiingereza safi, akaacha kuunyoosha. Michoro ya chaki sakafuni ilifutika kwa viatu vyetu na hakuichora upya. Mikia akaiandika ubaoni, orodha ndefu, tuinakili. Mwaka ulipoisha akaomba apewe kazi ya maktaba, akakaa humo akigonga mihuri vitabu mpaka alipostaafu kabla ya wakati wake.

Mkewe, Mama Mwalimu, ndiye aliyetaka mtu ajulikane. Alisimama sokoni na ndizi zake akasema aliyemfanyia mumewe vile ajitokeze tu, hatamgusa, anataka kumwona uso. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, nanunua karanga. Nilisubiri chenji yangu, nikaondoka.

Nami ni mwalimu wa Kiingereza sasa, Mbeya mjini. Kila mwaka likifika somo hilo nachora sakafu kwa chaki, mlangoni jana, dirishani kesho, na wanafunzi wanakimbizana. Wakaguzi wamelisifu. Mmoja aliniuliza mbinu hiyo nimeitoa wapi. Nikasema nimeibuni.

Kwetu mwanafunzi akishafika mahali hurudi kumsalimu mwalimu wake, na maparachichi au sukari kidogo, akae, aulizwe habari. Wenzangu wote walikwenda. Mimi nilipita Tukuyu kila Krismasi kwenda kumwona mama na sikukata kona ya Mpuguso. Mwaka huu, masika yalipoanza, nikasikia Mwalimu hatoki tena nje. Nikaamua. Tangu Mbeya nilikuwa napanga maneno, tulipofika Kiwira nilikuwa nimeshayapanga kwa Kiswahili, na kabla ya Tukuyu niliyapanga tena kwa Kinyakyusa, kwa kuwa niliona hiyo ndiyo lugha aliyonidai.

Nilimkuta jikoni, karibu na moto, blanketi magotini. Amekuwa mdogo. Gambuti zake zimesimama nyuma ya mlango, safi, hazina matope. Mama Mwalimu alikuwa anamenya ndizi, kisu mkononi, na aliponiona hakuinuka. Niliwasalimu wote wawili salamu ndefu, ya watu na ya migomba na ya ng'ombe. Mwalimu aliitikia yote. Mama Mwalimu aliitikia nusu.

"Wewe ulikuwa mmoja wa wale wanne," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wenzako watatu wamekuja hapa. Huyo wa Kyela amekuja kila mwaka. Wewe hujawahi." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Mtu asiyekuja ana sababu. Mimi humwambia huyu mzee siku zote, ni yule mtoto wa mchuma chai. Anakataa. Sasa umekuja mwenyewe, niambie."

Maneno yangu yalikuwa tayari. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua mdomo, na Mwalimu akanyanyua mkono kidogo kutoka kwenye blanketi, vile alivyokuwa akimzuia mtu aliyewahi kujibu. Akanitazama. Akasema kwa Kiingereza, lugha ambayo mkewe haijui:

"It wasn't you, was it?"

Sauti yake ilishuka. Ilishuka taratibu mpaka chini kabisa, vile alivyotufundisha, na ukutani nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia lile koti lenye mfuko wa ndani.

Nilikuwa na mlango, na nilikuwa na miaka yote ile ya kuukataa. Sikupita.

"No, Mwalimu," nikasema. "It wasn't."

Akatikisa kichwa kukubali, kama zamani mkia ulipokaa mahali pake. Kisha akamgeukia mkewe na kumwambia kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba amemwuliza mtoto na mtoto amesema si yeye, na kwamba mwanafunzi wake hawezi kumdanganya.

Mama Mwalimu aliweka kisu chini. Alinitazama kwa muda, na nikaona uso wake ukilegea, uso uliokuwa umekaza kwa ajili yangu kwa miaka yote ile. Akafuta mikono kwenye khanga. Akaja, mama mtu mzima, mkubwa kuliko mama yangu, akakunja magoti mbele yangu pale kwenye sakafu ya udongo.

"Nimekusingizia sana, mwanangu," akasema. "Nimekutaja mpaka kwenye sala. Nisamehe."

Mwalimu alikuwa anaangalia moto.

Nikamshika mikono nimwinue, akakataa kuinuka kabla hajajibiwa. Na mimi nikamjibu. Nikamwambia nimemsamehe.